Pikipiki Iliyokuwa Ngumu Kusimamisha

Mimi ni mfupi. Nalisema mwanzo kabisa ili mtu asije akalisema katikati akidhani amegundua kitu. Baba yangu alikuwa mfupi, shamba aliloniachia lilikuwa fupi, na masomo yangu yalikuwa mafupi kuliko sisi wote: niliacha darasa la tatu nikaenda kuswaga ng'ombe wa watu. Leo nina nyumba ya mawe karibu na Bokoli, nina watoto waliosoma mpaka wakachoka, na sijawahi kuona mgeni akinipima urefu kabla ya kula chakula changu.

Kazi yangu ni ng'ombe. Nanunua mitamba wenye mimba kwa wakulima wa Naitiri, Kiminini na huko ndani ndani, kisha nawauzia watu wa mjini wanaotaka maziwa lakini hawana subira ya kungoja ndama akue. Watu huniita broka. Wengine hulitamka neno hilo kama wanatema kitu. Sijali. Jicho langu hutambua ng'ombe mzuri kutoka ng'ambo ya mto, na kazi hii ina siri moja tu: kufika kwanza. Ukifika wa pili, utanunua kile ambacho wa kwanza amekataa.

Kwa miaka mingi nilibebwa na mwendesha boda mmoja. Mtu mpole, wa kuomba Mungu kabla ya kuwasha injini. Nikimwambia jioni kwamba kesho tunakwenda Naitiri kwa mzee fulani, kesho tukifika tunamkuta broka mwingine, mtu mrefu wa Kitale, ameshamfunga mtamba kamba na anakunywa chai ya mwenye boma. Nikasema ni bahati yake. Bahati ilipozidi, nikamwambia mwendesha boda kuna mtamba wa ajabu Kiminini, nyumbani kwa mhubiri mmoja. Yule mhubiri hafugi hata paka. Kesho yake nikapata habari kwamba yule mrefu alifika kwake asubuhi na mapema, na hakuachiliwa mpaka alipoombewa.

Nikamuuliza mwendesha boda.

"Mzee, mimi siuzi siri yako," akasema. "Huyo jamaa ananiuliza tu kesho naenda wapi. Na mimi sijui kudanganya."

Mtu asiyejua kudanganya ni hatari katika biashara ya ng'ombe. Nikaona nina njia mbili tu: ama nijifunze kujipeleka mwenyewe, ama nikae nyumbani nihesabu mawe ya nyumba yangu huku mrefu akila kazi yangu. Nikamwambia mke wangu nanunua pikipiki.

"Na miguu?" akauliza.

"Miguu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ndiyo nauliza."

Nilikwenda Kitale. Muuzaji wa pikipiki alikuwa amevaa tai na viatu vilivyochongoka. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka chini, safari ambayo haikumchukua muda, akanipeleka moja kwa moja kwenye pikipiki ndogo iliyojiinamia pembeni. Kiti chake kilikuwa chembamba kama mkate uliokaliwa.

"Hii utaifurahia, mzee. Wamama wengi wanaichukua."

Hapo ndipo alipokosea. Nikamwonyesha nyingine, yenye springi ndefu na matairi ya meno, ya aina ile ile anayopanda mrefu.

"Na hiyo?"

"Hiyo ni ya barabara mbaya, mzee. Iko juu kidogo."

"Kwani barabara za kwetu umesikia ni nzuri?"

Akanisaidia kupanda. Vidole vya miguu yote miwili viligusa sakafu, na pikipiki ikatulia chini yangu kama jabali. Nikajiona mtu mwingine. Nikatazama duka lote kutoka juu, na wateja wengine, na upara wa mwenye duka, ambao wakati wa kuingia sikuwa nimeuona.

"Imenikubali," nikasema.

"Imekukubali kabisa," akajibu muuzaji, naye wakati huo wote alikuwa ameishika nyuma kwa mikono miwili.

Mtu asifikiri niliipanda bila kujifunza. Nilijifunza kule kule Kitale, kwa kufuata sheria, na mwalimu alinisifu mbele ya vijana. Lakini pikipiki ya mafunzo ilikuwa kuukuu, springi zimekufa, imekaa chini kama mbuzi anayecheua. Nilishinda mtihani juu ya mbuzi, kisha nikaenda nyumbani juu ya farasi.

Kuendesha hakukuwa tabu. Mtu yeyote anaweza kwenda. Tabu ilikuwa kusimama. Siku ya kwanza nilifika langoni kwangu, nikafunga breki, nikashusha mguu, mguu ukatafuta ardhi usiione. Tulianguka polepole, mimi na pikipiki, kama mti mzee unavyoanguka, na nilipata nafasi ya kumwona jirani akiweka jembe chini ili atazame vizuri. Mke wangu akatoka.

"Unatafuta nini huko chini?"

"Niache."

Akaniacha. Yeye ni mtu wa kutii akiona itanikera zaidi.

Basi nikatengeneza ujanja. Nikawa nasimama tu mahali penye kitu cha kukanyaga: ukingo wa kalavati, ngazi ya kanisa, kichuguu, jukwaa la kuwekea mitungi ya maziwa. Baada ya muda nilijua kila kitu kilichoinuka kati ya Bokoli na Naitiri kuliko wale waliochora ramani. Lakini biashara ilianza kufuata mawe badala ya kufuata ng'ombe. Nyumba yenye jiwe langoni, nanunua hata kama mtamba amebaki mbavu. Nyumba yenye lango tambarare, napita. Siku moja mkulima mmoja alisimama barabarani na mtamba mweusi mwenye mgongo ulionyooka kama meza, akaniinulia mkono nisimame. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto: majani matupu. Nikampungia mkono kama mbunge, nikaenda zangu. Mchana wake yule mrefu alimnunua.

Huko Kiminini ikawa mbaya zaidi. Kuna mama mmoja ambaye akisikia mlio wangu alikuwa anatoa kinu cha nyumba yake, anakifudikiza uani, anasimama kando kwa adabu. Nashuka juu ya kinu. Hakucheka hata siku moja. Afadhali angecheka. Na broka anayeshukia kinu hawezi kupunguziwa bei. Mwenye ng'ombe ameshauona udhaifu wake kabla hajaona pesa zake.

Sasa nimlete mke wa mwanangu. Mwanangu wa pili alioa msichana ambaye kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mrija na kupima mimba. Wakulima wanamwita daktari. Ni mfupi kuliko mimi, jambo ambalo wakati wa posa nililitaja kama dosari, ndugu zangu wakatazama paa. Anapanda pikipiki kutoka asubuhi, mvua au jua, na mtungi wa mbegu umefungwa nyuma. Nilikuwa namwona kwa mbali njiani. Anasimama popote. Kwenye matope anasimama. Anashusha mguu mmoja, anaongea na mkulima, anaondoka.

Ungesema, si umuulize? Kwetu haliko hivyo. Baba mkwe na mke wa mwana hawashikani mikono, hawakai karibu, hawali wakitazamana. Akiniona njiani anakwenda kando. Akiingia jikoni kwa mke wangu, mimi natoka nje kuangalia mawingu. Ni heshima, na ni heshima nzuri, imezuia maneno mengi katika boma za watu. Lakini heshima hiyo ilitengenezwa kabla ya pikipiki.

Siku moja alikuja kumwona mama mkwe wake, akaacha pikipiki yake kando ya ghala la mahindi, akaingia jikoni. Mimi nilikuwa nimetoka kuangalia mawingu. Nikaiangalia pikipiki. Ilikuwa ya aina ile ile kama yangu. Rangi tu ilikuwa tofauti. Nikazunguka, hakuna mtu. Nikainua mguu, nikakaa.

Nyayo zangu zote mbili zikalala chini. Visigino vikagusa udongo. Nikazichezesha kidogo kushoto na kulia, nikahisi kama mtu aliyerudishiwa shamba lake mahakamani. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, na nyuma yake mke wa mwanangu amejifunika uso kwa leso.

"Umekaa kwa kiti cha mkwe wako," akasema mke wangu.

"Hii si kiti. Ni chuma."

"Kina sponji."

Kaka yangu mkubwa akaitwa. Yeye ndiye anayeamua mambo ya mila katika ukoo, na hufurahi sana mila zikivunjwa, maana vinginevyo hana kazi. Akakaa, akanywa uji, akauliza kama anasikiliza kesi ya mauaji.

"Kiti kilikuwa na joto?"

"Kilikuwa na joto la jua."

"Una hakika si la mwenyewe?"

"Mwenyewe alikuwa jikoni muda mrefu. Nilingoja."

"Ulingoja," akarudia, akamtazama mke wangu. "Basi alikusudia."

Nikaona nimejifunga kamba mwenyewe. Akaamua hivi: jua halina ukwe, kwa hiyo kosa ni dogo, lakini nimpe mkwe wangu kuku jike, yeye aoshe kiti kwa maji, na mimi nisikaribie tena chombo chake. Nikatoa kuku. Alikuwa anataga vizuri, kwa bahati mbaya.

Lakini kuku yule alifungua kitu. Kesho yake mke wangu akaja ananitazama pembeni.

"Mkwe wako anasema pikipiki yako si ndefu. Ati haijatengenezwa tu."

"Imetengenezwa kiwandani."

"Anasema kiwandani walitengeneza ya mtu wa kubeba magunia. Wewe si gunia."

Tulipanga somo. Yeye akasimama jikoni, ndani ya mlango, amenipa mgongo. Mimi nikasimama kwa pikipiki yangu chini ya mkuyu. Katikati akakaa mke wangu kwenye kigoda, anachambua mboga, kazi yake kupeleka maneno. Tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

"Mama," akasema mke wa mwanangu, "mwambie Baba aangalie springi za nyuma. Chini yake kuna pete yenye ngazi ngazi. Imewekwa ngumu. Izungushwe kwa spana ya ndoano mpaka ngazi ya chini kabisa."

"Anasema springi izungushwe," akasema mke wangu.

"Nimesikia. Ya pande zote mbili?"

"Anauliza ya pande zote mbili?"

"Pande zote mbili, Mama, ngazi sawasawa, la sivyo itakwenda upande. Halafu mbele, fundi alegeze zile nguzo mbili za gurudumu, azipandishe kidogo juu ya usukani, ndiyo mbele ishuke kama nyuma. Kidogo tu. Gurudumu lisije likagonga."

"Mbele nayo ishuke," akasema mke wangu. Aliendelea kupunguza maneno kadiri mboga zilivyozidi.

"Na kiti, Mama. Watu wanafikiri ni urefu wa kiti peke yake. Ni upana. Kiti kikiwa kipana mbele, mapaja yanafunguka, mguu unakuwa mfupi. Kipunguzwe sponji juu, na pembeni kichongwe."

Hili lilinigusa. Maisha yangu yote nimeambiwa miguu yangu ni mifupi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kosa linaweza kuwa la kiti.

"Na asishushe miguu yote miwili. Hata mimi sishushi miwili. Wa kushoto tu, makalio yasogee kidogo, wa kulia ubaki kwa breki. Na aangalie mahali kabla ya kusimama, achague upande ulioinuka. Aangalie vile anaangaliaga ng'ombe."

"Anasema ushushe mguu moja," akasema mke wangu.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mama, kuna neno moja la mwisho…" akaanza mke wa mwanangu, lakini mke wangu alikuwa amemaliza mboga, akainuka.

Springi na nguzo zilifanywa na fundi wa karibu. Kiti nilikipeleka Bungoma mjini, kwa fundi wa viti anayeshona karibu na msikiti, mtu wa kanzu na miwani iliyofungwa uzi. Alikipindua kiti, akakibonyeza.

"Mzee wangu, watu huniletea niongeze. Wewe ndiye wa kwanza kutaka nipunguze."

"Punguza mbele zaidi. Chonga na pembeni. Upana ndio unaokula mguu."

Akainua kichwa. "Hayo umeyajulia wapi?"

"Katika kazi," nikasema. Na ni kweli. Ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Alikichonga kwa kisu kirefu, akishikilia sponji kama anakata siagi, akakivisha ngozi tena, nikakifunga, nikakaa. Mguu wa kushoto ukalala chini wote. Nikazunguka mji wa Bungoma nikisimama mahali ambapo sikuwa na shughuli. Nilisimama penye duka la dawa. Nilisimama penye kituo cha mafuta na tangi limejaa. Mtu mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Siku chache tu baadaye nilisimama Kiminini kando ya lami, nikateremsha stendi, nikaondoka kama bwana. Pikipiki ilisimama wima mno, kama askari. Lori likapita, upepo wake ukaisukuma upande wa pili, ikalala juu ya nyanya za mama mmoja aliyezipanga kwa mafungu mazuri sana.

"Baba," akasema bila kuinuka, "hiyo kitu yako imekula. Sasa utabeba."

Nilirudi nyumbani na mfuko wa nyanya zilizopasuka, na jioni jikoni kukatoka sauti ikisema na mke wangu: "Mama, mwambie Baba, ukishusha pikipiki stendi inabaki ndefu. Ikatwe kidogo, ichomelewe tena. Nilitaka kusema siku ile."

"Alitaka kusema," mke wangu akanithibitishia. "Mimi ndiye nilichoka."

Stendi ikakatwa.

Halafu ikaja simu kutoka Naitiri. Kuna bibi mmoja huko ambaye mitamba yake wanajulikana mpaka Kitale. Uani kwake pamefagiwa pakalainika, pameinamia mtoni, hapana jiwe wala kichuguu. Tangu ninunue pikipiki nilikuwa nimepita kwake mara nyingi na sikuweza kusimama hata siku moja.

"Nauza moja," akasema. "Nimemwambia na yule mrefu. Sitaki maneno mingi. Anayefika kwanza tunaongea."

Sikumwambia mtu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Nilitoka umande ukiwa bado majanini. Nilipofika langoni nikaangalia uani vile ninavyoangalia ng'ombe: upande wa juu, karibu na banda la kuku, ardhi iliinuka kama unene wa kiganja. Nikaenda hapo. Breki, makalio, mguu wa kushoto. Nikasimama. Bibi alikuwa anakuja na fagio mkononi. Nadhani alikuja kunizoa nikianguka.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, mama. Yuko wapi?"

Mtamba alikuwa wa rangi ya kahawia, macho matulivu, kiwele kimeanza kujaa. Mimba niliiona tangu langoni. Basi nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama kazi inavyotaka.

"Mama, huyu hana kitu tumboni. Ni majani tu amekula. Nitamchukua kwa bei ya mtupu, kwa sababu nakuheshimu."

"Tungoje daktari," akasema bibi. "Nimemwita apime."

Nikasikia mlio nikaujua kabla ya kuiona pikipiki. Mke wa mwanangu akaingia, akasimama, akashusha mguu wa kushoto. Aliponiona akageuza uso, akazunguka nyuma ya banda la kuku, akatokea upande wa pili wa ng'ombe. Mimi nikatazama mawingu. Hayakuwepo.

"Si huyu ni mkwe wako?" bibi akauliza.

"Leo ni daktari."

Akavaa glavu ndefu ya kufika begani, akaingiza mkono. Ng'ombe akatulia. Mimi nilikuwa nimeweka tumaini langu dogo kwamba binti yule angekumbuka kuku, angekumbuka ukoo, angekohoa tu. Akatoa mkono.

"Mama," akamwambia bibi, "ana mimba ya miezi mitano. Ndama yuko sawa."

Bibi akanigeukia. Tulikuwa tumesimama hatua chache tu.

"Ati ana miezi mitano."

"Nimesikia."

"Na majani?"

Nikalipa bei ya ng'ombe mwenye mimba, bei kamili, bila kupunguziwa chochote. Mke wa mwanangu alikuwa ameshaosha mikono na kuondoka kwa njia ile ile ya banda la kuku. Nilimpigia simu mtu wangu wa kuswaga aje, nikaanza kumfunga mtamba kamba ya kichwa, na bibi akaniletea chai. Nilikuwa bado na kikombe nilipomsikia mrefu langoni. Alisimama kwa urahisi, kama kawaida yake, akavua helmeti, akamtazama mtamba, akanitazama mimi, akatazama kikombe.

"Mzee," akasema, "leo umeletwa na nani?"

"Hakuna."

Akazungusha macho uani, akayapitisha juu ya pikipiki yangu kama ya mtu mwingine, mpaka nyuma ya banda, akimtafuta mwendesha boda. Mimi nikaendelea kufunga kamba.